Kutu Haipakwi Rangi

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi yaliyotolewa redioni. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale walioomba kuyasoma. Masomo: Yakobo 5:1-6 na Zaburi 32.)

 

Leo nataka tuzungumze juu ya kutu. Katika somo letu la kwanza Yakobo anawaambia matajiri kwamba dhahabu yao na fedha yao imeingia kutu, na kwamba kutu hiyo ndiyo itakayosimama kuwa shahidi dhidi yao. Kisha anataja sababu: kuna ujira wa watu wengine walioushika wasiutoe. Kwa miaka mingi niliyasoma maneno hayo kama mtu asomaye barua ya jirani. Mimi ni mwalimu mstaafu, dhahabu sina. Nilidhani barua hiyo haikuandikwa kwangu. Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa magari, mzee wa pale Embu, nami nitawasimulia jinsi ilivyokuwa.

Mwezi wa Julai mwaka 1975 baridi ya kugandisha iliunguza mibuni kule Brazil. Ninyi wazee wa kahawa mnajua yaliyofuata. Mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa ilipanda sana, na huku kwetu, kuanzia Embu mpaka Imenti, nyumba nyingi za nyasi zikapisha nyumba za mabati. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tena mwenye mibuni yake karibu na Nkubu. Mwaka 1978 alichukua malipo yake ya kahawa akanunua gari kutoka kwa mtumishi wa serikali aliyekuwa anahamishwa. Lilikuwa Peugeot 504, lile refu lenye viti safu tatu, rangi yake kama maziwa.

Wengi wenu mnalikumbuka gari la namna hiyo. Lilikuwa kama nyumba inayotembea. Siku ya Jumapili Baba alishika usukani, Mama akaketi kando yake. Safu ya kati ilikuwa ya nyanya yetu, mimi na dada zangu wawili. Nyuma kabisa alikaa kitinda mimba wetu, mdogo wangu, aliyekuwa na miaka mitano. Pale nyuma, upande wa kushoto dirishani, ndipo palipokuwa mahali pake. Hakuna aliyethubutu kumkalia.

Watu wa siku zile waliliheshimu sana Peugeot. Katika mashindano ya Safari ya mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Mengine yote yalibaki njiani. Miaka yote miwili Nick Nowicki alishinda kwa Peugeot 404. Hilo 504 nalo likashinda mwaka 1975 na mwaka 1978. Mawe hayakuliweza, wala matope, wala vumbi. Lakini gari la Baba, ndugu zangu, lilishindwa na matone ya maji.

Mwaka 1996 giaboksi iliharibika. Baba alikuwa amestaafu, pesa zilikuwa chache, akaliegesha chini ya mti wa mukima akisema atalitengeneza msimu ujao. Misimu ikapita. Majani yakaanguka juu yake, mvua za Machi na za Oktoba zikalinyeshea kila mwaka, kuku wakataga mayai kwenye viti. Mwezi wa Januari mwaka 2011 Baba akaitwa na Bwana, na gari likabaki pale pale.

Mwaka 2019 Mama alikuwa anatimiza miaka 80. Tukapanga ibada ya shukrani mwezi wa Agosti. Nami nikapata wazo ambalo watu wote walilisifu: nitalifufua gari la Baba, nimpeleke Mama kanisani ndani yake, na sisi watoto wake wanne tukae kama zamani. Injini na giaboksi nikampa fundi wa Nkubu. Lakini kwa habari ya bodi, watu waliniambia kuna mzee mmoja mwenye gereji ya jua kali mjini Embu, anayeyajua magari haya tangu yalipokuwa matatu. Tukalipandisha juu ya lori, tukapita Chuka, tukavuka mto Thuci, tukamfikishia.

Nikamwambia, "Mzee, injini tayari. Wewe nifanyie bodi tu. Zimebaki wiki tatu. Pale palipotoboka jaza fila, piga msasa, paka rangi. Nataka lipendeze siku moja tu, siku ya Mama."

Mzee hakunijibu. Akatoa mfukoni sumaku ndogo iliyofungwa kwa uzi, akaanza kuipitisha kwenye ubavu wa gari. Juu ya mlango ikashika, ta! Akaisogeza chini kidogo, karibu na gurudumu. Ikaanguka. Akaiweka tena. Ikaanguka tena.

"Mwalimu," akasema, "hapa hapana chuma. Hapa pana fila. Kuna mtu alipita hapa kabla yako na maneno kama hayo yako."

Kisha akachukua bisibisi, akabonyeza chini ya mlango, mahali ambapo rangi ilikuwa imevimba kidogo kama lengelenge la mtu aliyeungua. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, unga wa kahawia ukamiminika chini kama ugoro.

"Unaona?" akasema. "Kutu hii haikuanzia nje. Wenye kuliunda gari hili waliacha matundu madogo chini ya milango ili maji yatoke. Matope mekundu yameyaziba, na majani. Maji yakaingia juu, yakakosa pa kutokea, yakakaa gizani. Siku unapoona rangi imevimba, ndani kumeshaliwa siku nyingi."

Nikasema, "Sawa, Mzee, lakini wiki ni tatu tu. Funika, tutatengeneza vizuri baadaye."

Akaniangalia. "Mwalimu, nikipaka rangi juu ya kutu, nitakuwa nimemfungia adui ndani ya nyumba na kumpa blanketi. Rangi itapendeza miezi michache, kisha itavimba tena, na wakati huo nitakuwa nimekula pesa zako bure. Mimi sipaki rangi juu ya kutu. Tafuta fundi mwingine, au uniache nikate."

"Utakata mpaka wapi?"

"Mpaka nifike kwenye chuma kinachong'aa. Siwezi kukuambia ni wapi. Kutu ndiyo inayojua."

Nikamwachia gari, nikapanda matatu ya kurudi nyumbani. Lakini njia nzima kulikuwa na neno lililonikwama kooni kama mwiba wa samaki. Halikuwa neno la wiki tatu. Lilikuwa lile la kula pesa.

Ndugu msikilizaji, sasa nitasema jambo ambalo nilificha kwa miaka minane.

Mwaka 2011, mwaka ule Baba alipofariki, bei ya kahawa ilipanda tena duniani. Malipo ya mwisho ya kahawa ya Baba yalikuwa shilingi 214,000. Mama hakutaka kupanga foleni, akanituma mimi kifungua mimba nikazichukue. Akasema, "Mwanangu, zigawe sawasawa kwenu ninyi wanne. Walio na watoto shuleni walipe karo." Nilizichukua. Wakati huo nilikuwa najenga, na nyumba yangu ilikuwa imefika kwenye lenta. Nikajiambia kwamba nitazikopa tu, nitarudisha msimu ujao. Nikarudi nikamwambia Mama na ndugu zangu kwamba deni la mbolea limemeza karibu kila kitu. Nikampa kila mmoja shilingi 5,000. Zilizobaki nikanunua mabati, nikaezeka nyumba yangu.

Dada zangu walikubali. Mdogo wangu aliniangalia tu. Tangu siku hiyo hakuja kwangu isipokuwa kwa msiba. Watu walipouliza nilisema, "Ni shughuli zake." Siku ya Pasaka tulishikana mikono kanisani mbele za watu wote. Hiyo, wapenzi, ndiyo iliyokuwa fila yangu. Nikaendelea kuhubiri. Nikachaguliwa mzee wa kanisa. Na hiyo ndiyo iliyokuwa rangi.

Usiku ule niliporudi kutoka Embu mvua ilinyesha. Nikalala chini ya mabati yale nikiisikiliza. Mnajua sauti ya mvua kwenye mabati. Nikafungua Yakobo sura ya tano, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba barua ilikuwa na jina langu. Shahidi wangu alikuwa juu ya kichwa changu, na kila mvua iliponyesha alikuwa ananena.

Asubuhi nilikwenda kwa Mama nikamwambia yote. Alinyamaza kwa muda mrefu, akichambua maharagwe. Kisha akasema, "Mimi nimekula na kushiba bila pesa hizo. Nenda kwa mdogo wako, kisha uende kwa dada zako. Usinipeleke kanisani kabla hujaenda."

Mdogo wangu anakaa Mitunguu, analima ndizi. Nilimkuta shambani. Nilimwambia kiasi chote, nikamwambia na habari za mabati. Nilitazamia kwamba atanitukana, au labda atanikumbatia kama katika mfano wa mwana mpotevu. Hakufanya moja wala jingine. Aliweka panga chini akasema, "Kaka, mwaka ule ndio nilimtoa binti yangu shuleni. Alikuwa kidato cha pili. Nilisema nitamrudisha nikipata karo. Sikupata."

Mimi nilidhani nimeficha pesa. Sikujua nimeficha shule ya mtoto. Tundu lilikuwa kubwa kuliko lile lengelenge nililoliona. Nikakumbuka neno la mzee wa Embu: Kutu ndiyo inayojua.

Hakuniambia amenisamehe. Alinisindikiza mpaka barabarani, tukasimama kimya tukingoja gari, nikaondoka. Nikaenda kwa dada zangu pia. Mmoja alilia, mwingine alinifokea, naye alikuwa na haki.

Siku ya shukrani ilifika mwezi wa Agosti. Gari la Baba halikuwa tayari. Lilikuwa bado Embu, halina milango, sakafu imekatwa. Mama alikwenda kanisani kwa Probox ya jirani. Mdogo wangu alikuja, akakaa safu ya nyuma ya kanisa pamoja na jamaa yake.

Nilikwenda Embu mara nyingi miezi ile, na kila mara mzee alinifundisha bila kujua kwamba ananifundisha. Aliniambia kwamba kutu si uchafu uliotoka nje ukaganda juu ya chuma. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka kwa kukutana na maji na hewa. Huvimba, hujibandua, huacha nyufa ambamo maji huingia tena, na kazi huendelea usiku na mchana bila kelele. Hivyo ndivyo ilivyo dhambi iliyofichwa. Haikai juu yetu kama vumbi la safari. Inageuza kile tulicho. Mimi nilipoanza nilikuwa mtu aliyekopa. Baada ya miaka minane nilikuwa mtu wa uongo, na sikusikia mlio wowote siku nilipogeuka.

Tena nilimwona akichomelea. Hakuchoma mstari mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Alichoma nukta moja hapa, akahamia kule, akangoja ipoe, akarudi. Nikamuuliza kwa nini hafanyi haraka. Akasema, "Ukichoma mfululizo bati linapinda kwa joto. Lazima lipate kupumua." Nikajua kwamba hata mdogo wangu nimwache apumue. Nilimlipa sehemu yake kwa awamu tatu, pamoja na nyongeza, kwa mfano wa Zakayo, ingawa sikufika mara nne. Sikumwuliza kama amenisamehe. Nilikwenda pia Maua, ambako yule binti yake anashona nguo, nikamwomba radhi yeye mwenyewe, maana aliyekatiwa njia alikuwa yeye. Alinisikiliza huku cherehani ikiwa imenyamaza. Nikamwambia kama anataka kusoma hata sasa, karo ni juu yangu. Akasema atafikiri.

Na jambo jingine. Kila alipokata mahali na kusugua mpaka chuma kikang'aa, mzee alipaka rangi ya kwanza jioni ile ile, hata kama amechoka. "Chuma kilichosafishwa hakilali uchi," alisema. "Umande wa usiku mmoja unatosha."

Hapo ndipo Zaburi ya 32 iliponifungukia. Daudi anasema kwamba aliponyamaza na kuificha dhambi yake, mifupa yake ilichakaa. Alipoacha kuificha akaikiri, alisamehewa. Lakini tazameni mwanzo wa zaburi hiyo: anamwita heri mtu ambaye dhambi yake imefunikwa. Je, si jambo la ajabu? Anayejifunikia mwenyewe analiwa, naye anayefunikwa na Mungu ana heri. Kufunika ni kule kule, lakini kumoja ni juu ya kutu na kwingine ni juu ya chuma kilichokatwa na kusafishwa. Mungu hapaki juu ya kutu. Hukata kwanza. Wala akishatukata hatuachi uchi usiku hata mmoja.

Tena mnajua kwa nini bati la nyumba halishikwi na kutu upesi? Limefunikwa kwa madini yaitwayo zinki. Hata bati likikwaruzwa, maji na hewa huila zinki kwanza, na chuma kilicho karibu nayo husalimika. Zinki huliwa badala ya chuma. Niliposikia hivyo nilitazama paa langu kwa macho mengine. Paa lile lile lililonishtaki lilikuwa pia linanihubiria habari za Yeye aliyekubali kuliwa badala yetu ili sisi tupone.

Basi, mpenzi unayenisikiliza, nina neno fupi kwako. Pengine wewe ni mweka hazina wa kikundi, na kuna ukurasa wa daftari usiopenda ufunguliwe. Pengine ni shamba la yatima wa ndugu yako ambalo mpaka wake ulisogea kidogo kila msimu wa kulima. Pengine ni neno ulilomsingizia mtu, naye akahama kijiji. Juu umepaka rangi nzuri, na watu wanaisifu. Nakusihi, usingoje mtu mwingine aje na sumaku. Neno la Mungu linapokupitia asubuhi hii na kuanguka mahali fulani, mahali hapo unapajua.

Sikwambii usimame sokoni ukatangaze. Nenda kwa yule uliyemkosea, kwake hasa. Mwambie kiasi chote, usipunguze. Rudisha kinachoweza kurudi. Na kile kisichoweza kurudi, kama miaka ya yule binti, kitaje kwa jina lake, ukubali kukibeba. Wala usimdai msamaha kama mtu anayedai risiti. Na baada ya hapo, usiache matundu yazibe tena. Toba ya kila jioni ni tundu dogo tu, lakini maji hutoka.

Mtauliza, gari liliishia wapi? Lilirudi Nkubu mwezi wa Desemba mwaka ule wa 2019, rangi yake kama maziwa. Chini ya zulia la sakafu kuna mshono wa kuchomelea ambao mzee hakuusugua. Aliniambia, "Hapa hapaonekani, lakini wewe ujue pako." Jumapili iliyofuata nililitoa nje, nikamsaidia Mama kuketi mbele. Dada zangu wakaingia safu ya kati. Nilikuwa nafunga mlango nilipomwona mdogo wangu anakuja kwa miguu kutoka barabarani, na binti yake nyuma yake. Hakunisalimu kwa maneno mengi. Alifungua mlango, akainama, akapita mpaka safu ya nyuma, upande wa kushoto dirishani, akamvuta binti yake akae karibu naye. Magoti yake yaligusa kiti cha mbele, maana sasa ni mtu mzima.

Akasema, "Haya, kaka. Tuchelewe kwa nini?"

Nikawasha gari.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unayeona ndani ya milango yetu, tuchunguze leo. Pale tulipojifunika wenyewe, tufunue. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, hata tukilia. Utupe ujasiri wa kwenda kwa yule tuliyemkosea kabla mvua nyingine haijanyesha. Wafariji wale waliodhulumiwa na ndugu zao, uwarudishie kile ambacho sisi hatuwezi kukirudisha. Nasi ukishatusafisha, usituache uchi, bali tufunike kwa haki ya Mwanao, aliyeliwa badala yetu. Ni katika jina lake tunaomba. Amina.